Umehamia Milepa huna ndugu? Hivi ndivyo jumuiya inavyompokea mgeni, na pale inapomkwamisha

Milepa iko chini, kwenye Bonde la Ziwa Rukwa, wilaya ya Sumbawanga. Ukitoka mjini Sumbawanga, kwenye baridi ya Ufipa ya juu, unashuka milima ya Lyamba lya Mfipa hadi kwenye joto. Huku chini kuna mpunga, ufuta, ng'ombe na samaki. Ndiyo maana watu hawaishi kuja.

Wapo wafugaji wa Kisukuma, ambao familia zao zilianza kuteremka na mifugo kutoka Kanda ya Ziwa miongo kadhaa iliyopita. Wapo wanaokuja kukodi shamba msimu mmoja, wakajikuta wamebaki. Wapo wavuvi, na hao hawatulii: samaki wakihama, nao wanahama.

Ukifika na familia unaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Hao wanakuandika. Lakini mtoto akishikwa na homa saa nane usiku na humjui mtu hata mmoja mwenye pikipiki, kuandikwa peke yake hakukusaidii kitu.

Hapo ndipo inapoingia jumuiya.

Jumuiya ni nini hasa?

Ufipa ina Wakatoliki wengi, na kwao jumuiya ndogondogo ya Kikristo ni kaya chache zinazopakana. Ina mwenyekiti, katibu, mhazini na jina la mtakatifu msimamizi. Kila wiki watu wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wiki ijayo kwa mwingine. Wanasoma Injili, wanasali, halafu yanakuja matangazo.

Matangazo ndiyo sehemu ya kusikiliza. Nani anaumwa, nani kafiwa, nani shamba lake limeliwa na mafuriko, nani kahamia kwenye ile nyumba iliyokuwa tupu. Padre hawezi kuyajua haya yote. Parokia ya vijijini ina vigango vingi, na kigango kinaweza kukaa wiki kadhaa bila misa, kikiongozwa na katekista. Jirani ndiye anayejua kwamba moshi haujaonekana jikoni kwa mtu tangu jana.

Utaratibu huu si wa zamani sana. Maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliupa kipaumbele mwaka 1976. Watanzania hawakupata shida kuuelewa, maana tangu miaka ya 1960 walishazoea balozi wa nyumba kumi. Tofauti ni kwamba balozi alikuwa wa chama, huyu ni wa sala.

Msaada wenyewe kwa kawaida si hela nyingi. Ni debe la mahindi, ni watu watano kwenda kupalilia shamba la mgonjwa, ni mama mmoja kulala hospitali na mzazi asiye na ndugu karibu. Na kwa mgeni kuna msaada mwingine usioonekana: jumuiya inamfanya awe na watu wa kumtolea ushuhuda. Akitaka kukodi shamba, akikopa mbegu dukani, akigombana na mtu kuhusu mpaka, yupo anayeweza kusema "huyu tunamjua".

Mkatoliki anayehama anashauriwa kubeba barua ya utambulisho kutoka parokia aliyotoka, pamoja na cheti cha ubatizo. Anavipeleka kwa viongozi wa jumuiya anapohamia, anaandikwa, basi. Wengi hawabebi. Mtu anayekimbia njaa au deni haanzi kwa kupita ofisi ya parokia.

Tatizo lipo kwenye daftari

Daftari hilohilo linalomwandika mgeni ndilo linaloandika michango: zaka, tegemeza parokia, ujenzi, sherehe ya msimamizi. Katika parokia nyingi nchini, ukitaka mtoto abatizwe au ndoa ifungwe, kwanza viongozi wa jumuiya waseme kama unashiriki. Na kushiriki, kwa vitendo, mara nyingi kunapimwa kwa mambo mawili: kuhudhuria na kutoa.

Kwa mtu mwenye shamba lake hilo linabebeka. Kwa kibarua aliyefika miezi minne iliyopita, anayelipwa kwa siku na kutumia wikiendi nzima kwenye mpunga wa mtu, ni habari nyingine. Hahudhurii kwa sababu anafanya kazi, hatoi kwa sababu hana. Kwenye daftari anaonekana kama mtu asiyejali.

Inauma zaidi kwenye msiba. Si ajabu kusikia marehemu "hakuwa hai kwenye jumuiya", kwa hiyo hapelekwi kanisani, au atazikwa na katekista bila padre, au familia itakiwe kulipa kwanza malimbikizo ya michango. Familia iliyofiwa ugenini inazunguka kukopa ili marehemu wao aombewe.

Viongozi wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Paa la kigango halijiezeki, katekista naye ana watoto, na wapo wenye uwezo wanaokumbuka kanisa siku ya jeneza tu. Bila ukali kidogo, wanasema, wachache watabeba mzigo wa wote.

Sawa. Lakini sheria ya Kanisa lenyewe haiko upande wa daftari.

Sheria inasemaje

Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinazungumzia jambo hili waziwazi. Kanuni ya 1181 inakataza upendeleo kwenye mazishi na kutaka maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili kwa sababu ya sadaka. Kanuni ya 848 inataka mhudumu asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka husika, na ahakikishe mwenye shida hakosi sakramenti kwa ufukara wake.

Wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa wametajwa kwenye kanuni ya 1184, nao ni wachache: walioikana imani au kujitenga na Kanisa hadharani, waliochagua kuchomwa mwili kwa kuipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waumini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Pakiwa na shaka, anaulizwa askofu. Mdaiwa wa michango hayumo.

Kwa hiyo familia ikiambiwa "lipeni kwanza", ina haki ya kumfuata paroko na kumweleza hali yake. Neno la mhazini si la mwisho. Na viongozi wa jumuiya wanaweza kufanya jambo dogo tu: kumtembelea mtu kabla ya kumhesabu. Ukiingia ndani ukakuta jamvi moja na sufuria mbili, huhitaji kuuliza kwa nini hajatoa.

Waislamu wana njia yao. Kwao mazishi ni faradhi ya kutoshelezana: marehemu aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe na azikwe. Wakifanya baadhi, wengine wamesamehewa. Asipofanya yeyote, wote wana dhambi. Na kati ya makundi manane yanayostahili zaka, yupo maskini na yupo msafiri aliyekwama njiani. Mgeni ametajwa kabisa.

Huku wageni si jambo jipya

Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga ina jina la Dk. Atiman. Wengi wanalitaja jina kila siku bila kujua habari zake. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, Mali ya leo, akatekwa utumwani angali mtoto. Wamisionari wa Afrika walimkomboa kwa kumnunua huko Algeria, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Mganga anayekumbukwa kuliko wote huku, kumbe, alikuwa mtu wa kuja.

Baadaye walikuja Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Waliwekwa Katumba na Mishamo, Mpanda, eneo lililokuwa Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipozaliwa 2012. Serikali ilitoa ardhi, UNHCR ikaleta fedha, na shirika la TCRS, lililoanzishwa na Walutheri mwaka 1964, likafanya kazi ya barabara, visima, shule na zahanati. Mwaka 2010 Tanzania ikawakubalia uraia wapatao 162,000 kati ya wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao.

Hapo pia pana mpaka wa kazi ya jumuiya. Mtu aliyekimbia Congo au Burundi leo anatakiwa na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 kujitokeza kwa mamlaka ndani ya siku saba. Barua ya katekista si kibali cha kuishi nchini. Jumuiya inayomficha mtu kwa huruma inaweza kumponza. Inayomsindikiza hadi kwa mtendaji, ikabaki naye anapoulizwa maswali, imemsaidia zaidi.

Wanaosahaulika ni wavuvi. Wako kambini mwezi huu, mwezi ujao hawapo, jumuiya haina nafasi ya kuwazoea. Kwao kitu cha kuanza nacho ni rahisi: siku mtu anapofika, katibu aandike jina lake, kijiji alikotoka na namba ya simu ya ndugu mmoja wa nyumbani. Haigharimu kitu, na siku akifa maji atakuwepo mtu wa kupigiwa.