Herufi 64 Zinazotosha Kulitambua Faili

Julai 2023, jarida la Der Spiegel la Ujerumani na gazeti la Der Standard la Austria yaliripoti kuvuja kwa faili dogo lenye majina takriban 5,600. Yalikuwa majina ya wateja wa VirusTotal, huduma ya Google inayochunguza mafaili yanayoshukiwa kubeba programu hasidi. Miongoni mwao walikuwamo watumishi wa taasisi za ulinzi na upelelezi za Marekani na Ujerumani. Aliyelivujisha hakuwa mdukuzi. Mfanyakazi wa VirusTotal yenyewe alilipakia kwa bahati mbaya kwenye jukwaa lao, na huko likawa mbele ya macho ya wateja na washirika. Kampuni iliomba radhi na kusema ililiondoa ndani ya saa moja.

Kisa hicho kinaonyesha huduma yenyewe ilivyo. Mtu akipakia faili, antivirusi zaidi ya 70 za makampuni mbalimbali hulikagua, na kila moja hutoa hukumu yake. Fedha hatoi, ila nakala ya faili hubaki ghalani, na makampuni ya usalama pamoja na wateja wanaolipia huweza kuichukua. Hiyo ndiyo nguvu ya mfumo huu: kirusi kilichopakiwa na karani wa Mombasa asubuhi chaweza kuchambuliwa siku hiyohiyo na maabara iliyo bara jingine. Lakini ghala halijui kutofautisha kirusi na mkataba wa ajira au orodha ya wagonjwa. Vyote huingia kwa mlango mmoja.

VirusTotal ilianza mwaka 2004 mjini Málaga, Hispania, katika kampuni ya Hispasec ya Bernardo Quintero, na Google iliinunua mwaka 2012. Historia hiyo ni ndefu na ina mashabiki wake. Kinachostahili nafasi hapa ni kisanduku cha kutafutia kilicho kwenye ukurasa uleule wa kupakia, ambacho watumiaji wengi hukipita bila kukitazama. Kisanduku hicho humruhusu mtu kuuliza habari za faili bila kulitoa kwenye kompyuta yake. Anachotuma ni muhtasari wake, mfuatano wa herufi na tarakimu 64, ambao hapa utaitwa heshi.

Heshi hutengenezwa na kanuni iitwayo SHA-256, na namna nzuri ya kuielewa ni kuiona kama mashine ya kusaga yenye tabia za ajabu. Mpelekee debe moja la mahindi au magunia mia, atakachokupa mwenye mashine ni kibaba kimoja cha unga, hakizidi wala hakipungui. Mahindi yaleyale yakisagwa leo Tanga na mwakani Toronto, unga utafanana kwa rangi, kwa harufu na kwa kila chembe. Toa punje moja tu, hata ile iliyojificha chini kabisa ya gunia, na unga utatoka wa rangi nyingine na harufu nyingine, usio na undugu wowote na ule wa kwanza. Hakuna fundi awezaye kuurudisha unga huo kuwa mahindi. Na mpaka leo hakuna aliyepata magunia mawili tofauti yanayotoa kibaba kimoja sawasawa, kwani aina za unga ambazo mashine hii yaweza kutoa ni namba yenye tarakimu 78.

Ndani ya mashine kuna uzuri zaidi. Faili hukatwa vipande vya baiti 64, na kila kipande hupitishwa mizunguko 64. Katika kila mzunguko, namba nane zenye biti 32 kila moja huzungushwa, huchanganywa na hujumlishwa, hadi mabadiliko ya biti moja yasambae kote. Kwa wastani nusu ya biti 256 za heshi hugeuka. Namba nane za kuanzia zimetoka kwenye vipeuo vya pili vya namba tasa nane za kwanza, yaani 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19: huchukuliwa sehemu inayofuata nukta ya desimali. Namba nyingine 64, moja kwa kila mzunguko, zimetoka vivyo hivyo kwenye vipeuo vya tatu vya namba tasa 64 za kwanza. Kanuni hii ilibuniwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, na watu wana haki ya kujiuliza kama wabunifu wake waliacha mlango wa siri. Namba tasa hazina mwenyewe. Mwanafunzi wa sekondari mwenye kikokotoo anaweza kuhakiki kwamba hakuna aliyezichagua kwa hila.

Mfano wa tabia ya punje moja upo, na hauna madhara. Taasisi ya EICAR ya Ulaya ilitoa faili la majaribio la baiti 68, ambalo antivirusi hukubaliana kulipigia kelele ingawa halidhuru chochote. Heshi yake huanza na 275a021b. Ongeza alama moja ya kuvuka mstari mwishoni, kitu ambacho jicho halikioni, na heshi huanza na 131f95c5. Hata faili tupu, lisilo na baiti hata moja, lina heshi yake: e3b0c442, na kuendelea.

Si kila mashine ni ya kuaminika hivyo. Kanuni nyingine ya heshi, MD5, aliyoibuni Ronald Rivest mwaka 1991, ilivunjwa mwaka 2004 na Xiaoyun Wang na wenzake, walioonyesha mafaili mawili tofauti yenye heshi moja. Mwaka 2012 ikagundulika kwamba programu hasidi ya Flame ilitumia udhaifu wa namna hiyo kughushi cheti cha Microsoft.

Wahalifu nao wanaijua tabia ya punje moja. Hubadilisha baiti chache, na kirusi kilekile hupata heshi ambayo ghala halijawahi kuiona. Kwa ajili hiyo Jesse Kornblum alitoa ssdeep mwaka 2006, kanuni inayopima ni kwa kiasi gani mafaili mawili yanafanana, na VirusTotal huionyesha pia. Ukimya wa antivirusi nao si cheti cha usafi. Mwaka 2013 Symantec ilieleza kwamba toleo la awali la Stuxnet, silaha iliyolenga mitambo ya nyuklia ya Natanz nchini Iran, lilipakiwa kwenye huduma ya uchunguzi mtandaoni Novemba 2007. Stuxnet yenyewe haikujulikana hadi 2010.

Kupata heshi ni kazi ya dakika moja. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux amri ni sha256sum. Nakili herufi zote 64, zibandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Faili likiwa limewahi kupimwa, majibu ya antivirusi zote hutokea hapohapo, pamoja na tarehe lilipoonekana kwa mara ya kwanza. Lisipojulikana, tazama lilivyo. Programu iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp ipakiwe bila kusita, maana nakala itawafaa watu wengine. Barua yenye majina, namba za simu au mishahara ya watu ibaki kwenye kompyuta, ikaguliwe na antivirusi iliyomo humo, na aliyeituma apigiwe simu aulizwe kama kweli ni yeye.