Bunduki ya Upepo na Ndege Waharibifu wa Shamba

Mtama unapoanza kuweka maziwa katika suke, mkulima wa Dodoma au Singida hana usingizi. Kabla ya jua kuchomoza watoto wamekwisha panda madungu, kila mmoja na kombeo lake na debe la kupiga, na huko hushinda wakipiga kelele mpaka jua linapokuchwa. Kazi hii ya kuamia ndege huchosha, tena huwakosesha watoto masomo. Basi si ajabu kwamba mkulima mwenye akiba kidogo, aonapo bunduki ya upepo, hujiuliza kama chombo hicho hakitamwondolea taabu. Karatasi hii imeandikwa ili kumjibu mtu huyo kabla hajatoa fedha yake.

Jibu lenyewe latokana na hesabu. Ndege anayeogopwa kuliko wote ni kwelea kwelea, yule mdogo mwenye mdomo mwekundu. Uzito wake haupiti gramu 20 hivi, naye hula kiasi cha gramu 10 za mbegu kwa siku. Chakula cha ndege mmoja si kitu. Lakini kundi la ndege 1,000,000 si jambo la ajabu, na kundi hilo laweza kula tani 10 kwa siku moja. Sasa tumchukue mpiga shabaha hodari, asiyekosa hata mara moja, apigaye ndege mmoja kila dakika kwa muda wa saa 10 bila kupumzika. Jioni atakuwa ameua ndege 600. Hao wangekula kilo 6 tu, na waliobaki ni 999,400. Wala hapana mtu wa namna hiyo duniani, maana kundi likiinuka hata hodari hajui amlenge yupi.

Tena bunduki hii hailii kwa kishindo. Debe bovu lililotiwa kokoto huwatisha ndege kuliko yenyewe. Hasara haiishii hapo, kwa kuwa kwelea huzaa upesi: mayai huanguliwa baada ya siku 10 au 12, na makinda huacha kiota yakiwa na umri wa majuma mawili hivi. Pengo la ndege 600 huzibwa hata kabla mwenye bunduki hajamaliza kulipa deni la risasi.

Kwa kwelea, shauri ni jingine. Majirani na wapande kwa wakati mmoja, mazao yao yakomae pamoja. Shamba linalotangulia peke yake, au kuchelewa peke yake, ndilo linalobeba ndege wa kijiji kizima. Nguvu ya kuamia iwekwe hasa tangu nafaka ina maziwa mpaka inapokuwa ngumu. Na mtu akiona mahali wanapolala au kutaga, apeleke habari mapema kwa bwana shamba, ili Serikali ipate kuwapulizia dawa wakiwa wamekusanyika. Watu wa Kondoa wana hekima ya siku nyingi ya kuwatega kwelea na kuwafanya kitoweo, na njia hiyo huua wengi kwa usiku mmoja kuliko bunduki kwa msimu mzima. Lakini ndege waliopuliziwa dawa wasiliwe kabisa, hata wakionekana wazima.

Je, bunduki ya upepo haina kazi? Inayo, ila kazi yake iko nyumbani, mahali ambapo mharibifu ni mmoja au wawili, tena hurudi pale pale. Tetere waliozoea mkeka wa kuanikia, kuzumburu aliyeufanya mpapai kuwa wake, panya buku atokaye magharibi kuizunguka ghala, hao ndio wa kupigwa. Kunguru anyakuaye vifaranga yumo pia, lakini ana akili nyingi. Ukimpiga mmoja, wenziwe huijua bunduki, humjua na mwenye bunduki, na toka siku hiyo hukaa mbali wakikutukana. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka za mji. Mombasa alionekana mwaka 1947. Na mwaka 2024 Serikali ya Kenya ilipotangaza nia ya kuwapunguza pwani kwa kiasi cha 1,000,000, ilitegemea sumu maalumu, si bunduki. Kwa mfugaji wa kuku, kuezeka banda kwa wavu na kufukia taka kwafaa kuliko risasi mia.

Aliyekwisha kuwa nayo na ajifunze tabia yake. Katika namna iliyo ya kawaida, mtutu hukunjwa ili kubana kamani yenye nguvu. Mtambo ukivutwa, kamani husukuma pistoni, na upepo uliobanwa huitoa risasi. Wakati wa kutia risasi ushike mtutu kwa mkono imara, kwa maana kamani ikifyatuka utarudi kwa ghafula na kuponda vidole. Usifyatue bila risasi ndani. Pistoni hugonga kwa nguvu na kamani huharibika. Vile vile usiibane sana wala usiilaze juu ya jiwe au gogo, kwa sababu bunduki hii hustuka nyuma na mbele kabla risasi haijatoka, na ikizuiwa huenda upande. Kiganja kilicholegea kidogo ndicho kinachofaa. Jizoeze kwanza kwa kibao, na usimlenge mnyama mpaka uweze kutia risasi zote katika duara la upana wa sarafu kwa hatua 25. Kupita hapo humwui ndege. Humjeruhi tu, naye huenda kufa kichakani kwa maumivu ya siku mbili.

Lakini risasi iliyokosa haikomi kwa hatua 25. Huweza kwenda mamia ya hatua, na ikipiga jiwe au maji huruka upande usiotazamiwa. Hapa ndipo inapopasa kuwakumbuka tena watoto walio juu ya madungu. Mtoto wa jirani amekaa juu, suke la mtama limemficha, naye yu katika kimo kile kile cha ndege unayemlenga. Risasi isiyoweza kumwua kunguru kwa hatua 60 yaweza kutoboa jicho la mtoto. Kwa hiyo usipige kamwe ndani ya mashamba wakati wa kuamia. Nyumbani nako, usipige kabla hujajua kilicho nyuma ya shabaha: ukuta wa udongo ni mwema, shina nene ni jema, uwazi si mwema hata kidogo. Mwenye kusema kwamba hii ni bunduki ya kuchezea apokonywe siku hiyo hiyo.

Kuna na ndege wasiopasa kuguswa. Bundi huchukiwa kwa kudhaniwa kuwa ni mkosi, hali kila usiku hukamata panya walao nafaka ileile unayoilinda. Kipanga na kozi hufuata makundi ya kwelea na kuwala. Mtu akimwua bundi, ndipo afanye hesabu ya magunia yaliyotobolewa mwaka ule.

Wapo watakaotamani sungura, kwale au kanga. Nchini Tanzania wanyama wa porini wanalindwa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwawinda bila kibali ni kosa, hata kwa silaha ndogo; nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Wala usidhani kwamba kukosa baruti kwaitoa bunduki hii katika sheria ya silaha. Kabla ya kununua, nenda kituo cha polisi ukaulize masharti, kisha umwulize bwana wanyamapori ni ndege gani waruhusiwao kupigwa katika wilaya yako.

Anayemla tetere aliyempiga na akate nyama yote iliyozunguka jeraha na kuitupa, maana risasi ni ya madini ya risasi yenyewe, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Baada ya kushika risasi nawa mikono kwa sabuni, na usizibane midomoni kama wafanyavyo wengine ili kupata wepesi. Zikae katika kopo lenye kifuniko, mbali na bunduki, nayo bunduki ifungiwe sandukuni bila kuachwa imebanwa, na ufunguo ukae kwa mwenye nyumba.