Mabaki ya Mkonge na Uamuzi wa Mahali pa Kuyachakata: Mnyororo wa Ugavi katika Mkoa wa Tanga

Katika jani la mkonge, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito. Ili kupata tani 1 ya singa, matrekta husomba tani 25 za majani kutoka shambani hadi kwenye korona, na tani 24 kati ya hizo hubaki kuwa maji na nyama ya jani. Tangu Richard Hindorf alipoleta mkonge huu mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, mabaki hayo yamehesabiwa kuwa takataka, na mengi yameishia malunduni na mitoni. Makala hii inafafanua kwa nini kuyatumia upya ni suala la ugavi kabla ya kuwa suala la teknolojia.

Teknolojia imekwishathibitishwa: huko Hale, mtambo wa majaribio wa kilowati 150 ulizalisha umeme kutokana na biogesi ya mabaki hayo. Aidha, mkonge hukatwa karibu mwaka mzima, jambo ambalo viwanda vya miwa, vinavyotegemea msimu, vingelitamani.

Ugumu umo katika umbali. Mabaki yamejaa maji na huanza kuchacha upesi. Kuyasafirisha mbali hula thamani ya nishati iliyomo. Kwa hiyo mtambo wa gesi hauna budi kukaa kando ya korona. Hapo ndipo mtanziko unapozuka. Mashine ndogo za kuhamishika humfuata mkulima mdogo shambani na kumpunguzia usombaji, lakini huyatawanya mabaki kiasi cha kutotosha kulisha mtambo. Korona kuu huyakusanya mahali pamoja, ila majani yote lazima yafikishwe huko.

Nani hulipia safari hiyo? Iwapo mkulima hulipwa kwa uzito wa singa pekee huku akikatwa gharama za usombaji, basi anagharimia tani 24 ambazo faida yake huvunwa na mwenye mtambo. Kwa maoni yangu, mkataba unaonyamazia umiliki wa mabaki umekwishaamua kwamba si ya mkulima. Njia mojawapo ya kurekebisha hali hiyo ni tela linalorudi shambani tupu: masalia yanayotoka mtamboni baada ya gesi kuvunwa ni mbolea, na tela hilo laweza kuyarudisha kwa mkulima yuleyule aliyeleta majani.