João IV: uhuru wa Lisbon na gharama yake katika Bahari ya Hindi

Ureno ilipoteza mamlaka yake kwa kukosa mrithi. Mfalme Sebastião aliuawa vitani Morocco mwaka 1578 bila kuacha mtoto, na miaka miwili baadaye Felipe II wa Hispania, aliyekuwa na haki ya urithi kwa upande wa mama pamoja na jeshi la kuitetea, akautwaa ufalme. Kwa miaka 60 Wareno walimtii mfalme wa Hispania, na ni katika kipindi hicho ambapo Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa, mwaka 1593.

Muungano huo uliwaponza, kwani Waholanzi, maadui wa Hispania, waliyashambulia makoloni ya Ureno, huku kodi za vita zikizidi kupanda. Mwaka 1640, Catalonia ilipoasi na makabaila wa Ureno wakaamriwa kwenda kuizima, baadhi yao walikula njama. Tarehe 1 Desemba waliivamia ikulu ya Lisbon, wakamuua waziri Miguel de Vasconcelos na kumtangaza kuwa mfalme João, Duki wa Braganza, yaani kabaila mkuu kuliko wote nchini.

João hakuwapo Lisbon siku hiyo. Alikuwa katika kasri lake la Vila Viçosa, mtu mwenye tahadhari, mpenzi wa muziki ambaye maktaba yake ya nota ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa za Ulaya, hadi ilipoangamizwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1755. Inasimuliwa kwamba mkewe, Luisa de Guzmán, ambaye ajabu ni kwamba alikuwa Mhispania, ndiye aliyemsukuma akubali.

Tahadhari hiyo huenda ndiyo iliyomfaa, kwa sababu vita na Hispania vilidumu hadi mwaka 1668, miaka 12 baada ya kifo chake, na nguvu za Ureno hazikutosha kila mahali. Luanda ilikombolewa kutoka kwa Waholanzi mwaka 1648, na Recife ya Brazil mwaka 1654. Mashariki mambo yalikuwa kinyume: Malacca ilianguka mwaka 1641, na mwaka 1650 Imamu Sultan bin Seif wa Oman akaiteka Maskati. Kutoka bandari hiyo Waomani waliunda jeshi la majini lililoshambulia Zanzibar mwaka 1652 na, mwaka 1698, Pedro II mwana wa João akiwa kwenye kiti cha enzi, likaitwaa Ngome ya Yesu.