Goma: Pasaka yetu tuliila kwenye malewa

Misa ya Jumapili ya Pasaka ilipoisha, tarehe 20 Aprili 2025, hatukurudi nyumbani kama miaka yote. Mama alitangulia na kitenge chake cha sikukuu, akakata kona nyuma ya soko na kuingia kwenye malewa: mabati manne, turubai, na mabenchi ya mbao juu ya mawe meusi ya volkeno. Nyuma yake tulikuwa saba: shangazi, mdogo wangu, mke wangu, watoto watatu na mimi.

Kwa familia nyingi za Goma, malewa ni chakula cha siku za kazi. Ni pale dereva wa moto, msukumaji wa chukudu na mwalimu wanakula bugali na maharagi haraka, kisha wanarudi kazini. Pasaka ni siku ya nyungu ya nyumbani. Mama anayepeleka watoto wake kula nje siku hiyo, majirani watasema jiko lake limezimika.

Lakini mwaka huo hesabu ilikataa. Mabanki mengi yalikuwa yamefungwa tangu M23 ilipouteka mji mwisho wa Januari. Mshahara wa mke wangu ulikuwa kwenye konti, lakini hakukuwa na dirisha la kuutolea. Wakaaji wengi walikuwa wanavuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta feza zao, ao walizipitisha kwa simu na kukatwa asilimia.

Alhamisi Kuu tuliketi na kalamu: kuku, makala, mafuta, mchele. Kwenye malewa, sahani ya bugali, sombe na sambaza ilikuwa franga 5.000. Kwa watu 8, ni 40.000. Kwa feza hiyo tungepata kuku mmoja, bila makala ya kumpikia.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Basi twende huko. Lakini twende wote, na tuvae vizuri."

Mwenye malewa alituona na nguo zetu, akaelewa. Alifuta benchi mara mbili, akatandika kitenge juu ya meza. Watoto wake wawili, nao na nguo mpya, walikuwa wanakula pembeni ya jiko.

"Na wewe umepata misa?" Mama akamuuliza.

"Ya kwanza kabisa, mama. Nimeamka saa kumi ya usiku. Nisipopika leo, kesho hawa hawakule."

Sambaza wa ziwa Kivu walikuja wa moto, na pilipili pembeni. Shangazi alisimama kuombea chakula. Kwenye benchi la pili, vijana watatu wasiotujua waliacha kula, wakavua kofia. Wote tuliitika Amina.

Hapo simu ikalia. Ni yaya yetu, anayeishi Kinshasa. Zamani alipanda ndege na kushuka hapa Goma siku hiyo hiyo. Pasaka hiyo uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa. Aliyetaka kuja alipitia Kigali ao Entebbe, na bei ya safari hiyo hakuiweza. Mama aligeuza simu ili aone sahani na watoto.

"Lakini muko wapi?" yaya akauliza. "Hapo si nyumbani."

Hakuna aliyejibu. Mke wangu aliangalia chini. Mama akarudisha simu mbele ya uso wake.

"Ni nyumbani," akasema. "Wote tuko hapa. Ni wewe tu unakosa."

Yaya alikaa kimya kidogo, kisha akaomba aonyeshwe tena sambaza.

Tulilipa, tukarudi kwa miguu. Karibu na kwetu, jirani alikuwa mbele ya mlango wake. Alitusalimia, akauliza kama desturi: "Pasaka njema! Mumepika nini?"

Mama hakupunguza sauti.

"Hatukupika. Tumekula malewa, sisi wote."

Jirani alicheka kidogo, akasogea karibu. "Mama," akauliza polepole, "ni malewa gani hiyo?"