Mgao wa Picha za Harusi

Harusi katika miji mingi ya Tanzania hugharimiwa na watu wengi kuliko wale wanaooana, kwa kuwa ndugu, majirani, wafanyakazi wenza na waumini wenzao hupelekewa kadi ya mchango miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, huahidi kiasi, hukumbushwa na katibu wa kamati kwa ujumbe wa simu, na hatimaye hupewa kadi ya mwaliko inayoonyesha kama ni ya mtu mmoja au ya watu wawili. Mwalikwa aliyepitia njia hiyo huingia ukumbini akiwa na sehemu yake katika shughuli, na picha inayomwonyesha amesimama kando ya maharusi ndiyo kumbukumbu anayoweza kubaki nayo baada ya chakula kuliwa na mapambo kubomolewa. Ndiyo maana swali la nani apate picha zipi, kwa njia gani na baada ya siku ngapi ni swali la shukrani kabla halijawa swali la teknolojia. Hata hivyo, bajeti ya kamati, ambayo huweza kuhesabu hadi kreti za soda na posho ya dereva wa gari la maharusi, kwa kawaida huiandika kazi hii kwa mstari mmoja wa "picha na video", na mstari huo hukoma pale mpiga picha anapozima kamera yake. Hakuna aliyepangiwa kuzifikisha picha kwa watu, na hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Zamani ugawaji ulijipanga wenyewe kwa sababu picha ilikuwa kitu cha kushikika na cha gharama. Katika miji ya pwani, ambako studio kama Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, zilihudumia vizazi kadhaa, familia iliweza kuridhika na picha chache zilizopigwa mbele ya pazia. Kamera ndogo za filamu zilipoenea, mpiga picha alikuja harusini na mikanda michache, kila mkanda ukiwa na nafasi 36 tu, akauangalia vizuri wakati wa kubonyeza, kisha akapeleka filamu kusafishwa, yaani kutiwa dawa hadi taswira ijitokeze na kuchapwa kwenye karatasi, na baada ya siku kadhaa akazunguka na bahasha ya picha za ukubwa wa postikadi akiwapelekea walioziagiza. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro yake, kwani asiyekuwa na fedha alibaki mikono mitupu, lakini ulikuwa na sifa moja ambayo harusi za leo zimeipoteza: picha ilimfikia mtu aliyemo ndani yake, naye aliipokea akijua kuwa ni yake.

Leo mpiga picha mmoja huweza kurudi nyumbani na picha elfu mbili, na wageni mia tatu wenye simujanja wakarudi na nyingine zisizohesabika. Picha za wageni huanza kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati kabla hata keki haijakatwa, na nyingine huwekwa kwenye status, yaani sehemu ya programu hiyo ambamo picha huonekana kwa saa 24 kisha zikatoweka. Kwa furaha ya usiku huo njia hii inatosha, lakini kwa kumbukumbu haitoshi, na sababu yake inafaa kuelezwa. Picha nyingi za kidijitali huhifadhiwa kwa mfumo wa JPEG, uliofanywa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, ambao huigawa picha katika miraba midogo ya pikseli nane kwa nane, pikseli zikiwa ni nukta za rangi zinazoiunda, kisha hutupa mabadiliko madogo ya rangi na mwanga ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. WhatsApp, ili kuokoa bando na muda, huipunguza picha hiyo ukubwa na kuibana mara ya pili, hata picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti 8 inaweza kumfikia mpokeaji ikiwa na kilobaiti mia chache tu. Anayetaka kuiona hasara hiyo na aitazame lesi ya gauni la bibi harusi, au shanga zilizoshonwa kwenye blauzi ya mama yake: katika nakala ya awali kila ushanga unasimama peke yake na kivuli chake, ilhali katika nakala iliyopita mikononi mwa watu watano shanga zimeungana na kuwa utando mmoja unaometa bila umbo.

Hasara hiyo hudhihirika zaidi siku mtu anapotaka kuichapa picha. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 hutoka safi ikiwa na pikseli 1,200 kwa 1,800, kiasi ambacho hata nakala ya simu huweza kukikaribia, lakini picha ya fremu ya ukutani ya ukubwa wa karatasi ya A3 huhitaji takriban pikseli 3,500 kwa 4,960 ili itoke kwa ubora huohuo, na hapo nakala ya kundini haina la kufanya. Dawa ni rahisi kuliko watu wengi wanavyodhani. WhatsApp yenyewe ina njia ya kutuma picha kama faili la kawaida, kwa kuichagua kupitia sehemu ya nyaraka badala ya sehemu ya picha, na faili likitumwa hivyo hufika kama lilivyotoka. Tangu Agosti 2023 programu hiyo pia ina kitufe cha kutuma picha kwa ubora wa juu zaidi, ingawa hata hapo picha hubanwa kidogo.

Kwa picha nyingi, njia inayofaa ni hifadhi ya mtandaoni, yaani nafasi katika kompyuta za kampuni fulani ambako picha hupakiwa mara moja, kisha watu wakapewa kiungo cha kuzifungulia. Google, kwa mfano, hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ingawa tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinazopakiwa huhesabiwa ndani ya kiasi hicho pamoja na barua pepe na mafaili mengine ya mwenye akaunti. Hapa hesabu ya bando haina budi kufanywa kwa niaba ya mgeni, jambo ambalo kamati nyingi hulisahau. Picha 600 zenye megabaiti 10 kila moja ni gigabaiti 6, na kumtumia kiungo cha mzigo huo shangazi aliyejiunga kifurushi cha gigabaiti moja cha wiki nzima ni sawa na kumwekea chakula kwenye rafu asiyoifikia. Busara ni kuandaa seti mbili, moja ya picha kamili kwa ajili ya maharusi na wazazi, nyingine ya nakala zilizopunguzwa hadi megabaiti moja au pungufu kwa ajili ya wageni, kisha kuigawa seti hii ya pili katika folda ndogo zenye majina yanayoeleweka: upande wa bwana harusi, upande wa bibi harusi, wafanyakazi wenza, kwaya, majirani, kamati. Mtu akifungua folda yake anakuta picha 20 au 30 zinazomhusu, wala halazimiki kupekua mamia ya picha za watu asiowajua.

Folda hizo hazijitengenezi. Zinawezekana tu ikiwa picha za makundi zilipigwa kwa mpangilio, mshereheshaji akiita kundi moja baada ya jingine kwa orodha iliyoandikwa, na jamaa mmoja anayezifahamu sura za pande zote mbili akiwa amesimama karibu na mpiga picha. Asipokuwepo mtu huyo, hutokea lile linalojulikana katika kumbi nyingi, ambapo vijana wenye simu hujaa mbele ya jukwaa, babu aliyesafiri kwa basi kutoka mkoani hubaki kwenye kiti chake cha pembeni akisubiri kuitwa, na wiki mbili baadaye familia inagundua kwamba katika picha elfu mbili hakuna hata moja inayomwonyesha akiwa na mjukuu wake. Hakuna ufundi wa kugawa picha unaoweza kulitibu pengo hilo.

Muda nao una uzito wake. Mpiga picha makini huhitaji wiki kadhaa kuchagua, kurekebisha mwanga na kusawazisha rangi, hasa kwa picha za ukumbini ambako taa za buluu na zambarau hupotosha rangi ya ngozi za watu, na haraka katika kazi hiyo huiharibu. Lakini hamu ya wageni iko juu kabisa katika siku mbili au tatu za kwanza, na wasipopata kitu wanagawana walivyonavyo. Wapo wapiga picha wanaokubali kutoa picha 30 au 50 za awali ndani ya siku mbili, na kipengele hicho kinastahili kuandikwa kwenye mkataba pamoja na tarehe ya kukabidhi kazi nzima.

Kwa upande mwingine, wageni nao wana picha ambazo maharusi hawakuziona, kwa mfano meza za nyuma zikicheka, au wapishi wakipakua. Siku hizi baadhi ya kumbi huweka juu ya kila meza kibao chenye msimbo wa QR, yaani mraba wa nukta nyeusi na nyeupe ambao kamera ya simu huusoma na kufungua kiungo. Msimbo huo ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ili kufuatilia vipuri vya magari viwandani, na leo unampeleka mgeni moja kwa moja kwenye folda anakoweza kupakia picha zake bila kumwomba mtu namba ya simu. Folda ya namna hiyo ifunguliwe kwa kupakia pekee hadi msimamizi atakapozipitia picha, kwa sababu si kila picha iliyopigwa kwa furaha inafaa kuonwa na wote.

Suala hili la nani aone nini lina historia ndefu katika pwani. Kwenye kupamba, sherehe ya wanawake pekee ya Mombasa, Lamu na kwingineko ambapo bibi harusi huketishwa jukwaani akiwa amepambwa, waalikwa huvua mabuibui na kuachia nywele kwa imani kwamba walioko ndani ni wanawake wenzao, na picha moja ikitoka nje ya chumba hicho inavunja sharti ambalo kila aliyeingia aliliridhia. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, aliandika kwa kirefu katika kitabu chake Contesting Visibility cha mwaka 2013 kuhusu namna Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki walivyoshindana na kamera na mipaka ya kuonekana. Mahali ambapo familia zimelichukulia jambo hili kwa uzito, mpiga picha huwa mwanamke, simu huzuiwa mlangoni, na picha hukabidhiwa bibi harusi peke yake, ambaye humpa kila mwalikwa ile iliyo yake. Ni mpango mgumu kuusimamia, lakini ndio wenye heshima kubwa kuliko yote iliyotajwa hapa, na hata harusi zisizo na sharti hilo zina la kujifunza kwake.

Sheria nayo imeanza kuingia ukumbini. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikafuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria ya Kenya haiyagusi matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani, kwa hiyo mjomba anayemtumia binamu picha hana kosa, lakini biashara inayotumia sura ya mtu kujitangaza ina wajibu wa kupata ridhaa yake. Septemba 2023 kamishna wa data wa Kenya aliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wateja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila ridhaa ya wazazi. Mpiga picha anayeweka harusi ya watu kwenye Instagram kama tangazo la kazi yake anasimama karibu na mstari huohuo, na kamati inapaswa kumuuliza mapema ataonyesha picha zipi, lini, na kama watoto watakuwamo. Tahadhari hiyohiyo inazihusu programu zinazomtaka mgeni ajipige picha ya uso ili zimtafutie picha zake, kwani vipimo vya uso wake ni taarifa nyeti kuliko picha yenyewe.

Baada ya yote hayo hubaki wale wasio na simujanja, ambao mara nyingi ndio waliowalea maharusi. Kwao picha ni ile ya karatasi, na kuichapa kwa ukubwa wa postikadi si gharama inayoweza kuitikisa bajeti iliyolipia ukumbi. Nafasi nzuri ya kuwapa ni siku ya kuvunja kamati, kikao cha mwisho ambapo wanakamati hukutana tena, husomewa mapato na matumizi, hula pamoja na kutazama video ya harusi. Katibu anaweza kuja na bahasha zenye majina, za watakaohudhuria na za kupelekwa kijijini kwa mkono wa anayesafiri. Kabla bahasha hazijafungwa, kila picha iandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu huweza kuchafua picha iliyolala juu yake, na karatasi isiposhika penseli maelezo yaandikwe kwenye kipande cha karatasi kinachowekwa pamoja nayo: tarehe, mahali, na majina ya waliosimama, mstari wa mbele kwanza, kuanzia kushoto.