Mbona Steringi Ni Chali Kila Saa?

Ka umekulia mtaa wowote Nairobi, sheria ya muvi unaijua bila kufunzwa: steringi hadedi. Anaweza pigwa risasi, arushwe kutoka juu ya ghorofa, asalitiwe na mbogi yake, lakini mwisho wa stori bado amesimama. Sheria ya pili hakuna msee huisema: steringi ni chali. Dem ako hapo kushikwa mateka, kupiga nduru na kungoja kuokolewa. Akishaokolewa, steringi anapewa yeye ka zawadi.

Hiyo haikuja tu ivo. 1975, Laura Mulvey, msomi wa filamu wa Uingereza, alichambua muvi za Hollywood akaonyesha vile kamera hubeba macho ya wanaume: chali ndio anasukuma stori, dem anawekwa hapo achekiwe. Jaribu kucheki sini yenye manzi anaingia klabu kwa muvi ya magangsta. Mara mingi kamera inaanzia miguu, inapanda polepole, sura inakuja mwisho. Na sisi wote kwa vidio, mamanzi wakiwemo, tunamwangalia na hayo macho tu.

Nairobi Half Life ya 2012 tunaipenda juu inabonga vile tunabonga. Mwas anatoka ocha, kwenye alikuwa anauza DVD za mangumi, anaingia tao kusaka kazi ya uakta. Yeye anapewa ndoto, uoga, mabeshte na makosa. Amina je? Ni dem wa Oti, halafu Mwas anamdondokea. Za kwake tunaonjeshwa tu. Inaniuma juu hiyo muvi iliwajua vijana wa mtaa vizuri sana, lakini nusu yao ikawapita mbio.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, ndio ilivunja hizo sheria zote mbili. Jo ni kasichana ka miaka tisa, anapenda Jackie Chan na masupahiro, na ako na ugonjwa hautapona. Siz yake, Mwix, anashikisha kijiji kizima wacheze ni ka Jo ako na nguvu za ajabu, kisha wanashuti muvi yenye yeye ndio steringi. Kila mtu anajua huyu steringi atadedi, na bado stori inaenda kwenye anaielekeza. Maamuzi mazito yako kwa Jo, mathee na Mwix. Hakuna kamera inapanda miguu ya mtu.

Sasa imebaki maiki. DJ Afro, msee wa kusimulia muvi na maiki, alituonyesha muvi ya Hollywood ama ya India inaweza bonga Sheng, na mwenye kushika maiki ndio huamua nani ni mzito na dem atapewa maneno gani. Nataka hiyo maiki ishikwe na manzi wa Dandora ama Kayole. Muvi iwe ile ile ya kitambo. Akifika kwa yule dem amefungwa kamba, atuambie anawaza nini, ashasoma mlango uko wapi, na anajua ni gadi gani amelala.